UCHAMBUZI: Tairi Kubwa Hubadilisha Zaidi ya Kimo cha Gari

Kufunga tairi kubwa kuliko zile zilizokusudiwa na kiwanda kumekuwa jambo la kawaida miongoni mwa wamiliki wa magari madogo nchini, hususan wanaopita katika barabara za vumbi na zenye mashimo. Lengo linaeleweka: gari lisigonge chini. Hata hivyo, mabadiliko hayo hayaishii kwenye kimo. Yanagusa mwendo, breki, mafuta na wajibu wa dereva mbele ya sheria.

Namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi hueleza sababu. Tairi ya 185/65R15 ina upana wa milimita 185, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 65 ya upana huo, na hufungwa kwenye rimu ya inchi 15. Kipenyo chake ni takriban milimita 622. Ikibadilishwa kwa 205/70R15, kipenyo hufikia milimita 668, sawa na ongezeko la asilimia 7.5. Gari lenyewe hupanda nusu tu ya tofauti hiyo, yaani sentimita 2.3.

Faida hiyo ndogo ina gharama. Mita ya mwendo hutegemea idadi ya mizunguko, na haitambui kwamba kila mzunguko sasa unavuka umbali mrefu zaidi. Inapoonyesha kilomita 50 kwa saa, mwendo kwa hesabu hukaribia 54. Mita nyingi hutengenezwa zionyeshe ziada kidogo ili kumlinda dereva. Tairi kubwa humaliza akiba hiyo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kifaa cha askari hupima gari, si mita yake.

Kwa mabasi hali ni hiyo hiyo. Kutoka 295/80R22.5 kwenda 315/80R22.5 ni ongezeko la asilimia 3. Dereva anayeona 80 huwa amevuka 82. Mfumo wa VTS unaosimamiwa na LATRA hupima mwendo kwa setilaiti, hivyo haudanganywi na tairi.

Aidha, gurudumu kubwa na zito huhitaji nguvu zaidi kulizungusha na kulisimamisha. Injini hulemewa kwenye mwinuko kama Kitonga na hutumia mafuta zaidi, ilhali kwenye mteremko gia hushika gari kwa nguvu pungufu na breki hupata joto zaidi. Tairi inayogusa bodi usukani unapokatwa yaweza kuchanika.

Wapo pia wanaoongeza rimu na kupunguza ubavu, mathalani 195/55R16, ambayo kipenyo chake ni takriban milimita 621. Mita hubaki sahihi, lakini ubavu mwembamba huacha rimu karibu zaidi na shimo.

Ni vyema, kwa hiyo, mmiliki asome kibandiko cha vipimo ambacho kwa kawaida huwa kwenye fremu ya mlango wa dereva kabla ya kununua tairi, na ahakikishe uwezo wa kubeba uzito haupungui. Namba 88, kwa mfano, humaanisha kilo 560 kwa kila tairi. Palipo na ulazima wa kubadilisha, fundi arekebishe mita na kukagua breki kabla gari halijarudi barabarani.