Staa, Usituuzie Sura kwa Kali Linux, Madogo Wanaumia!

Jina lake tunalihifadhi, ila anajijua. Yule staa wa mtandaoni wa kuposti skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, anayewaambia wafuasi wake kwamba Linux ya wanaume ni Kali tu, nyingine zote za watoto.

Jamani, tuambiane ukweli. Kali ni kali kweli, ila kwa kazi yake: kupima usalama wa mifumo. Hata wanaoitengeneza wameandika wazi kwamba haimfai mgeni wa Linux wala anayetaka kompyuta ya matumizi ya kawaida. Wewe umeigeuza ya kutafutia kiki!

Sasa mfikirie dogo wa Kiongoroni, kule delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Kapata laptopu ya mtumba, RAM GB 4. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa kikawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine kibao za zamani hazikidhi vigezo vya Windows 11. Linux ndiyo mkombozi wake. Halafu unamtwika Kali, ambayo apdeti zake ni mfululizo mwaka mzima. Bando atakununulia nani? Ikigoma kuwaka, apande boti, avuke mikoko, akatafute fundi Kibiti mjini? Wewe uko Dar kwenye Wi-Fi ya ofisi, yanakuhusu nini!

Madogo, sikilizeni. Chukueni Linux Mint, ile ya Xfce, ni nyepesi. Mint 22 inapata marekebisho ya usalama hadi 2029. LibreOffice imo humo humo, kwa hiyo barua, CV na hesabu za biashara ya kaa hazisubiri intaneti. Faili lake ni kama GB 3: mmoja anapakua mjini, anaweka kwenye flashi, wengine wanaifuata kwake. Kugawana ni ruksa, siyo wizi. Na unaijaribu kwenye flashi kabla hujafuta chochote.

Kama mkate wako ni Photoshop, baki na Windows, hakuna aliyekulazimisha. Kama ndoto yako ni usalama wa mitandao, izoee Mint kwanza. Kali haikimbii.

Na wewe staa, siku ukiposti tena, weka na namba ya fundi atakayepanda boti kwenda Kiongoroni.

Wadau, laptopu yako inatumia nini, na nani alikushauri? Tiririkeni hapo chini.