Burundi: Timu ya wanawake iliyozaliwa ikiwa imechelewa

JULAI 2025 Twiga Stars ya Tanzania ilikuwa Morocco kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake. Hapa Makamba, kusini mwa Burundi, baadhi yetu tuliishangilia kama ya kwetu, kwani wengi tumekulia na kusomea Kigoma. Timu yetu wenyewe haikuwapo. Imewahi kufika huko mara moja tu, mwaka 2022, ikafungwa na Botswana 4-2, Afrika Kusini 3-1 na Nigeria 4-0. Mechi tatu, mabao 11 wavuni, pointi hakuna.

Waliocheka walikuwa wengi, hata kwenye chumba cha walimu. Mimi sikucheka.

Burundi ni mwanachama wa Fifa tangu mwaka 1972. Lakini timu ya taifa ya wanawake iliingia kwenye mashindano yake ya kwanza Septemba 2016, mjini Jinja, Uganda, katika Kombe la Cecafa ambalo Tanzania ililitwaa kwa kuifunga Kenya 2-1. Hiyo ni miaka 44. Ikumbukwe pia kwamba mwaka mmoja tu kabla, mgogoro wa 2015 ulikuwa umewakimbiza tena Warundi wengi kwenda Kigoma. Nchi ilikuwa inapoteza watu, na wasichana hao wanavaa jezi ya taifa!

Jambo linalonitatiza ni hili. Kuanzia 2004 hadi 2013 shirikisho letu la soka liliongozwa na mwanamke, Lydia Nsekera, ambaye mwaka 2013 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika kamati ya utendaji ya Fifa. Dunia nzima ilimpigia makofi, na alistahili. Hata hivyo, miaka yake yote tisa ilipita kabla ya wasichana wetu kufika Jinja. Wapo wanaomlaumu. Kwa maoni yangu lawama hiyo ni nyepesi mno, maana aliikuta nchi bado vitani, na waasi wa mwisho waliweka silaha chini mwaka 2009. Mama mmoja ofisini Bujumbura hawezi kumpa binti wa kijijini kiwanja, kocha na ruhusa ya baba.

Ruhusa hiyo naifahamu. Nilikimbia mwaka 1993 nikiwa mtoto, nikasoma katika kambi ya wakimbizi wilayani Kasulu. Kengele ya mwisho ikilia, sisi wavulana tulikimbilia mpira wa matambara. Wasichana walikwenda kupanga foleni ya maji, na siku ya mgao wa chakula hawakuonekana kabisa. Msichana mmoja wa darasa letu alikuwa akipiga chenga kuliko sisi sote. Mwalimu mmoja alimkuta uwanjani, akamchapa mbele yetu, akamwambia mpira wake ni netiboli. Tulinyamaza. Leo mimi ndiye mwalimu, na bado ule unyamavu wetu unanikera.

Huenda ndiyo maana Warundi wanawake walianza kung'ara kwenye riadha. Agosti 2016 Francine Niyonsaba alituletea medali ya fedha ya mita 800 kutoka Olimpiki ya Rio. Mbio zinataka mtu mmoja na barabara. Soka linataka wasichana 11 wasioitwa nyumbani jioni ile ile.

Wenye kubeza wanasema tulifuzu 2022 kwa sababu timu ziliongezwa kutoka nane hadi 12. Ni kweli. Lakini wanaume nao walifuzu mara yao ya kwanza mwaka 2019, timu zilipoongezwa kutoka 16 hadi 24, na hakuna aliyebeza. Tena wanawake walitumia miaka sita tu tangu Jinja, na Juni 2022 walifika fainali ya Cecafa wakafungwa na Uganda 3-1. Wasomaji wa Dar es Salaam wanawajua baadhi yao: Asha Djafari na Joelle Bukuru waliwahi kuvaa jezi ya Simba Queens. Kwamba mpira wetu unalipwa ng'ambo ya mpaka ni habari njema kwa wachezaji, mbaya kwa ligi yetu.

Shuleni kwetu yupo binti wa miaka 15 anayecheza winga ya kushoto. Baba yake ni mrejeaji kama mimi. Alirudi akakuta shamba limeshikwa na wengine, na sasa anahesabu mahari. Nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza hakunikaribisha kiti. Mara ya pili alinikaribisha, akaniuliza hao wa Simba wanalipwa kiasi gani kwa mwezi. Nilimwambia sijui. Akasema basi nikijua nirudi, na hadi hapo binti acheze Jumamosi tu, baada ya kuchota maji.