Mwenye taji naye apewe jembe

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe kiti cha mbele, wala hawakusema mpe kipaza sauti. Neno hili limenirudia mara nyingi tangu nilipoletwa na kazi ya Chama hapa Kashaulili, mjini Mpanda, mbali kabisa na bahari niliyozaliwa kando yake. Leo napenda kulitumia kupima jambo ambalo limekwisha kuwa desturi katika nchi yetu, nalo ni ziara za hisani za mabinti wenye mataji ya urembo.

Taratibu ya ziara hizo inajulikana. Mrembo hufika akiwa amevaa taji na utepe wa jina lake begani. Hutoa katoni za sabuni, madaftari na taulo za kike. Viongozi husimama kushoto na kulia kwake, picha hupigwa, shukrani hutolewa, na kabla vumbi la gari halijatua kila mtu amekwisha kurudi alikotoka.

Sisemi haya kwa kusikia. Mimi mwenyewe nilikuwa katika kamati iliyoandaa mapokezi ya namna hiyo katika skuli moja ya sekondari ya huku. Tulikodi turubali, viti na vipaza sauti. Wanafunzi waliacha masomo tangu asubuhi wakajipanga juani, na mgeni wetu alifika baada ya adhuhuri. Kila msichana alipewa pakiti moja. Nilipokuwa nikisimamia kurudishwa kwa viti, msichana mmoja wa kidato cha pili alimwuliza mwalimu wake, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, na mwezi ujao?"

Mwalimu hakuwa na jibu, wala mimi sikuwa nalo. Pakiti moja ni ya mwezi mmoja, na msichana yule alikuwa amebakiwa na miaka miwili na zaidi kabla ya kumaliza kidato cha nne. Hata hivyo, katika taarifa yangu niliandika kwamba wanafunzi wa kike wa skuli ile wamesaidiwa. Naikiri dhambi hiyo hadharani, kwa sababu naamini kwamba sikuwa peke yangu katika kuiandika.

Sasa tutazame jambo lenyewe ambalo hisani hiyo hudai kulitibu. Utafiti wa kitaifa wa afya na hali ya watu wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba hapa Katavi, katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au kubeba mimba. Hakuna mkoa uliozidi huo. Katika jedwali hilo hilo mkoa uliokuwa na hesabu ndogo kuliko yote ulikuwa Mjini Magharibi, Unguja, ambako walikuwa 5 katika 100. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, ulionyesha kwamba Katavi imeshuka hadi 34, wakati wastani wa taifa ni 22. Ni hatua, nasi tuishukuru. Lakini msichana mmoja katika kila watatu si hesabu ya kumfanya kiongozi alale usingizi.

Ndugu zangu wa Visiwani wasisome tarakimu hizo kwa kujipongeza. Jedwali ni moja kwa sababu nchi ni moja. Mtumishi wa Serikali aliye Unguja au Pemba leo aweza kesho kukaa Dodoma akiamua mambo ya Mpanda, na mtoto wa kike anayeachia masomo njiani ni hasara ya Jamhuri nzima. Isitoshe, desturi ya katoni na picha haina mwambao wala bara. Yeyote aliyewahi kuona mwezi wa Ramadhani ukifika, na futari ikigawiwa mbele ya kamera, anajua ninachokisema.

Natambua kwamba wasomaji wengi wa ukurasa huu hawayapendi mashindano ya urembo yenyewe. Nami nimelelewa chuoni, nikasoma juzuu kwa juzuu kabla ya kuketi kwenye dawati la skuli ya Serikali, na sitajifanya kwamba jukwaa la kuwapitisha mabinti mbele ya waamuzi linanipendeza. Ubishi huo si mpya. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Tanzania ilimpata Miss Tanzania wake wa kwanza, Theresa Shayo. Baada ya hapo mashindano yalipigwa marufuku, wala hayakurudi hadi mwaka 1994. Wenye kuyapinga walikuwa na hoja zao, na wenye kuyarudisha walikuwa na zao.

Lakini ubishi juu ya jukwaa umetusahaulisha suala kubwa zaidi, yaani kazi. Mashindano yapo, na mataji yanavaliwa kila mwaka. Basi anayeyapenda na asiyeyapenda wana haki sawa ya kuuliza: huyu binti aliyevikwa taji kwa jina la Tanzania, au kwa jina la mkoa, ameifanyia nini nchi au mkoa huo? Swali hilo halihitaji mtu ahudhurie onyesho ndipo aulize.

Jibu la haki ni kwamba wapo waliofanya mengi. Jacqueline Ntuyabaliwe, Miss Tanzania wa mwaka 2000, alianzisha taasisi yenye jina la baba yake, na taasisi hiyo imekuwa ikiweka maktaba katika skuli za msingi. Faraja Kotta, wa mwaka 2004, alianzisha Shule Direct mwaka 2013, ambayo hufundisha masomo ya sekondari kwa njia ya intaneti. Nancy Sumari, wa mwaka 2005, ambaye pia alitwaa taji la Afrika katika mashindano ya dunia mwaka huo huo, ameandika kitabu cha watoto kiitwacho Nyota Yako na kuanzisha Jenga Hub, mahali ambapo watoto hujifunza ufundi wa kompyuta. Diana Edward, wa mwaka 2016, alibeba kampeni ya kupinga ukeketaji iliyopewa jina la Dondosha Wembe, jambo ambalo wengi wenye umri mkubwa kuliko yeye waliona haya kulitamka.

Yupo pia Flaviana Matata, aliyeiwakilisha nchi katika Miss Universe mwaka 2007 huko Mexico akiwa amenyoa kichwa chote, akaingia katika kumi bora. Binti huyo alimpoteza mama yake katika meli ya MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Mwaka 2011 alianzisha taasisi ya kusomesha wasichana. Mwaka huo huo wa 2011, mwezi wa Septemba, Visiwa vyetu vilizika watu wa Spice Islander. Basi hatuhitaji kuelezwa ni mzigo gani mtoto huubeba baada ya meli kuzama, wala ni moyo gani unaotakiwa ili mzigo huo ugeuzwe kuwa ada ya mtoto wa mtu mwingine.

Msomaji mwangalifu atakuwa ameona jambo moja katika mifano hiyo. Kazi kubwa ya wengi wao haikufanyika wakati taji liko kichwani. Ilifanyika miaka mingi baadaye: Faraja baada ya miaka tisa, Flaviana baada ya miaka minne. Taji liliwafungulia mlango, lakini kazi ilianza walipokwisha kulivua. Walichagua jambo moja, wakakaa nalo, wakajifunza, wakarudi tena na tena mahali pale pale.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa ziara zetu. Taji hudumu mwaka mmoja, ilhali safari ya msichana kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne ni miaka minne. Mrembo wa mwaka huu huleta sabuni Mpanda; wa mwaka ujao huenda Tabora na madaftari; wa tatu ana fikra nyingine kabisa. Hata katika mashindano ya dunia, ambako mshindani hutakiwa kuonyesha mradi wa hisani aliouendesha, mradi huhesabiwa alama kabla ya usiku wa taji. Alama zikishatolewa, ni nani atakayeuliza kama mradi bado una uhai? Hivyo hisani inakuwa ngazi ya kupandia, na ngazi huachwa ukutani mtu akishafika juu. Uzuri wa namna hiyo ni ule wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti.

Wapo watakaosema kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa, na kwamba sabuni ni sabuni hata ikitolewa mbele ya kamera. Wana sehemu ya haki. Mwalimu wetu wa chuoni alitufundisha kwamba sadaka ya dhahiri si haramu, bali ya siri ni bora zaidi; na kwamba kinachoiharibu sadaka ni masimbulizi na kumwudhi aliyepewa. Sabuni ile ilifua nguo, sikatai. Lakini siku nzima ya masomo ilipotea, fedha za turubali na viti zilitumika, na sura za wasichana maskini zilisambazwa bila ya wao wala wazazi wao kuulizwa. Zaidi ya yote, ofisi zetu ziliandika kwamba jambo limeshughulikiwa. Hasara ya mwisho ndiyo kubwa, maana jambo lililoandikwa kuwa limekwisha halirudi tena mezani.

Kwa hiyo lawama isiishie kwa binti mwenye taji. Yeye aghalabu ni kijana wa miaka ishirini na kidogo, anakwenda anakopelekwa na kusimama anapoonyeshwa. Sisi viongozi ndio tunaopanga viti. Tumekuwa wepesi wa kumpokea kama pambo la hafla, na wazito wa kumpa kazi.

Nini basi kifanyike? Kwanza, asipokelewe mwenye taji yeyote kabla kamati ya skuli na kamati ya maendeleo ya kata, au sheha na watu wake kwa upande wa Visiwani, hawajaandika haja yao iliyo ya kweli. Huenda haja si sabuni. Huenda ni boma la madarasa lililosimama bila paa, au bweni la wasichana wanaotembea mwendo mrefu, au wanaopanga vyumba mitaani bila mzazi wala mlezi.

Pili, achague skuli chache na kazi moja, na kazi hiyo iwe ya miaka minne. Mwaka wake ukimalizika, amkabidhi mrithi wake taji pamoja na daftari: daftari lenye orodha ya yaliyoahidiwa, yaliyotimizwa na yaliyobaki. Waandaaji wa mashindano wakikubali sharti hilo moja, taji litaacha kuwa la mtu mmoja na kuwa dhamana inayopokezanwa.

Tatu, gharama ya hafla ipunguzwe, na hesabu yake isomwe mbele ya wananchi sambamba na thamani ya zawadi. Hafla ikiizidi zawadi, wananchi watajua ni nani aliyesaidiwa siku hiyo.

Nne, na hili ndilo kubwa kwangu, atumie kile ambacho sisi makada hatuna. Mimi nikisimama mbele ya wasichana wa kidato cha pili nikahutubia juu ya mimba za utotoni, watanisikiliza kwa adabu na kusahau. Yeye akiketi nao chini ya mwembe, bila taji na bila kamera, watamwuliza yale wasiyoweza kuniuliza mimi, wala baba zao. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ajili ya kujifungua warudi katika skuli zile zile za Serikali. Ruhusa ipo, lakini ruhusa haimlei mtoto mchanga wakati mama yake yuko darasani, wala haiwanyamazishi wenye kucheka. Msichana aliyerudi anahitaji mtu wa kumfuata kila mwezi na kumwuliza: bado uko darasani? Kazi hiyo haina picha nzuri. Ndiyo kazi ninayotaka apewe mwenye taji.

Kwa maofisa wenzangu nina ombi dogo. Mwenye taji atakapokuja tena katika wilaya zenu, msikodi turubali. Mpelekeni kwa mwalimu anayetunza orodha ya wasichana walioacha masomo, wakae pamoja waisome jina kwa jina. Kisha mwulizeni atarudi lini.

Akitaja tarehe, na akaja tarehe hiyo, basi huyo si mgeni tena. Apewe jembe, na sisi tushike letu tulime naye. Msichana yule wa kidato cha pili bado anangoja jibu la swali lake, na mwezi ujao haukawii kufika.