Eti Piga Kama Umekula

"Piga kama umekula!" Maneno hayo nimeyasikia karibu kila chumba cha mazoezi nilichoingia, kuanzia Malaba hadi huku kwetu Samia. Mpiga dramu akilegeza mkono kidogo tu, mwenye gitaa anageuka na kumrushia. Naye kijana wa watu, kwa aibu, anainua vijiti hadi usawa wa masikio na kuvishusha kama anayepasua kuni. Hapo bendi inaridhika, inaona sasa muziki umeingia.

Imani hii sikubaliani nayo hata kidogo. Mpiga dramu asiyeweza kupiga kwa sauti ya chini bado hajajua kupiga, awe na misuli namna gani. Na bendi inayomsukuma apige kwa nguvu ndani ya chumba kidogo inauharibu wimbo wake kwa mikono yake yenyewe.

Chumba ninachokisema kiko Nangina, nyuma ya maduka. Upana wake ni hatua nne, urefu hatua tano. Juu ni mabati bila dari, chini ni saruji tupu. Humo wanaingia wenye magitaa mawili, besi, kinanda, waimbaji watatu na dramu imebanwa pembeni. Upande mmoja wa ukuta kuna fundi cherehani, upande wa pili mama anayekaanga samaki. Vijana hufika jioni, wakitoka kazini.

Fuata kinachotokea. Dramu inaanza juu. Mwenye solo hajisikii, anaongeza sauti ya spika yake. Mwenye ridhimu naye hakubali kumezwa, anaongeza. Besi inavimba, mabati yanatetemeka. Waimbaji ndio hawana pa kukimbilia, kwa sababu maikrofoni ikiongezwa kidogo inapiga mluzi. Imetazamana na spika hatua mbili tu. Basi wanakaza koo. Saa moja baadaye sauti zimekauka na hakuna aliyemsikia mwenzake. Jioni tatu nilikaa pale wakirudia wimbo mmoja, na hadi natoka jioni ya tatu sikuwa nimeshika neno hata moja la ubeti wa pili. Hayo huwezi kuyaita mazoezi. Watu hukutana kufanya mazoezi ili wasikie: wasikie kwamba sauti ya pili imepanda pasipostahili, kwamba besi inachelewa kila wimbo unapoingia kwenye kiitikio. Kama kosa halisikiki, litaondolewa na nani?

Tena kuna masikio. Dramu ikipigwa kwa nguvu zote chumbani huvuka desibeli 100 bila shida. Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa nane kuwa mwisho wa usalama, na kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Piga hesabu mwenyewe: kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15. Bendi zetu hukaa humo saa tatu. Kijana wa miaka ishirini na mbili anakwambia masikio yake yanalia hadi usiku wa manane, na anakwambia akicheka. Mimi sioni la kuchekesha. Na majirani wana haki yao pia: kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 kwa makazi wakati wa usiku, na usiku wa kanuni hizo unaanza saa mbili.

Ukiwaambia haya, watakuonyesha ukutani: trei za mayai. Wamezikusanya kwa wauza chapati mayai, wakazigundisha kuanzia sakafuni hadi kwenye mabati, na wanaamini kwa moyo wote kwamba sauti imezibwa. Haijazibwa. Trei ni karatasi. Inapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba mle ndani, basi. Kinachozuia sauti isitoke ni uzito wa ukuta na kuzibwa kwa matundu, na katika chumba kile kuna nafasi ya kupitisha mkono kati ya ukuta na paa. Mdundo wa ngoma ya mguu unapita hapo, unapita chini ya mlango, unamfikia yule mama kwenye karai lake. Dawa ya bei rahisi kuliko zote iko mikononi mwa mpiga dramu, na ndiyo wanayoikataa.

"Lakini ngoma zetu tangu zamani hupigwa kwa nguvu," huniambia. Ni kweli, zilipigwa uwanjani. Ngoma ya matanga au ya harusi ilikuwa na kazi ya kuita watu ng'ambo ya mto, haikuwekewa mabati kichwani wala saruji miguuni. Hata huko nje haikuwa vurugu. Chukua isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Sikiliza vizuri: ile ndogo haimezwi na ile kubwa. Kila moja imeachiwa nafasi yake, na anayeivamia nafasi ya mwenzake anaharibu ngoma nzima.

Na kama hoja ni kwamba watu hawachezi bila kishindo, basi tumeisahau historia ya nyumbani kwetu. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliwachezesha watu wa Magharibi mwa Kenya kwa omutibo: gitaa kavu na chupa ya Fanta inayogongwa na kukwaruzwa. Chupa! Hakuna aliyemwambia mgonga chupa apige kama amekula. Rumba ya Kongo ya miaka ya 1950 ilienda kwa konga na marakasi. Dramu ilipochukua nafasi ya mbele kwa vijana wa Zaiko Langa Langa, bendi iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1969, mpiga dramu wao Meridjo Belobi aliacha jina kwa kavacha, yale mapigo ya haraka ya sinea (snare) ambayo bendi za Afrika Mashariki ziliyaiga kwa miaka mingi. Jaribu kuipiga kavacha kwa mabavu. Mkono utachoka kabla ya ubeti kwisha, na mapigo yatapinda.

Lugha nayo imetuponza kidogo. Tukimwambia kijana apige polepole, anapunguza mwendo, kwa sababu neno hilo kwetu lina maana zote mbili. Wimbo unalala, wenzake wanalalamika, na imani ya zamani inapata ushahidi mwingine wa uongo. Kinachotakiwa ni mwendo uleule kwa sauti ya chini, na hapo ndipo ufundi ulipo. Kijiti kisipande zaidi ya upana wa vidole vitatu kutoka kwenye ngozi. Kiachwe kianguke kwa uzito wake na kurudi chenyewe, vidole vikikiongoza tu. Ngoma ya mguu itiwe blanketi kuukuu tumboni. Toazi liguswe kwa ncha ya kijiti, maana toazi ndilo linaloua waimbaji kuliko ngoma zote. Na kwenye rumba, laza kijiti juu ya sinea ugonge ukingo wake: utapata ule mlio mkavu unaobeba wimbo mzima bila kumpigia mtu kelele.

Watasema jukwaani mambo ni mengine, kwamba sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezea, bila moto si sebene. Nakubali kwamba sebene linataka moto. Ila aliyezoea nguvu moja tu anaanza wimbo akiwa amefika mwisho wake, na sebene likiingia hana pa kupanda. Anayejua kupiga chini ndiye mwenye ngazi.

Mwezi uliopita nilimwomba yule mpiga dramu wa Nangina ajaribu kupiga chini kwa wimbo mmoja tu. Alinitazama kwa mashaka, akaondoa leso kuukuu iliyofunika kinanda, akaitandaza juu ya sinea. Wakaanza. Walipofika kwenye kiitikio, mwimbaji wa tatu alinyamaza ghafla, akawatazama wenzake. "Kumbe hapo huwa mnashuka?" aliuliza. Tangu Januari alikuwa akipanda. Wakarudia sehemu hiyo mara nne, leso ikiwa palepale, na kupitia lile tundu la chini ya paa tukawa tunasikia mafuta ya mama yakichemka upande wa pili.