Pikapu inayosita haiponi kwa spea za kubahatisha

NAKAPANYA, kwenye barabara itokayo Songea kwenda Masasi kupitia Tunduru, msimu wa korosho na ufuta huhesabiwa kwa magunia. Hata hivyo, faida ya mfanyabiashara mdogo mara nyingi huamuliwa na gari lake. Gari lenyewe si jipya. Ni pikapu iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wanne au watano, au ni Noah iliyong'olewa viti vya nyuma ili ibebe mazao.

Ugonjwa unaowatesa wengi si ule wa gari kuzima moja kwa moja. Likizima, fundi anajua pa kuanzia. Kazi ngumu ni gari linalosita: dereva anakanyaga mafuta, injini inashituka, inakosa nguvu kwa sekunde mbili tatu, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mafundi husema linamisi. Leo linamisi, kesho halimisi, na likifikishwa gereji linaunguruma vizuri kabisa mbele ya fundi.

Hapo ndipo fedha ya mkulima inapoanza kuyeyuka. "Bosi, hizo ni plagi tu," anaambiwa. Plagi zinabadilishwa, gari linatulia siku mbili, tatizo linarudi. Inafuata koili, halafu pampu ya mafuta, na mwisho kabureta inafunguliwa na kurudishwa ikiwa na skrubu moja pungufu.

Chukua mfano wa hesabu. Plagi na waya zake shilingi 60,000, koili ya mtumba 50,000, pampu 90,000, na ufundi 20,000 kwa kila safari ya gereji. Safari tatu zimekula 260,000. Ikiwa chanzo kilikuwa chujio la mafuta la shilingi 15,000, na fundi angelipwa 30,000 kwa kazi ya kutafuta tu, mwenye gari angetoa 45,000. Shilingi 215,000 zimekwenda kwa kubahatisha, bila kuhesabu siku ambazo mzigo ulilala.

Kwa mkulima wa kusini fedha hiyo ina uzito wa pekee. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hupeleka mazao ghalani kwa chama chake cha msingi na kusubiri mnada ndipo alipwe. Gari likiharibika katikati ya kusubiri huko, mfuko ni mtupu. Wengine hukopa, na wengine huangukia mikononi mwa wanunuzi wa kangomba, ambao huchukua korosho kwa bei ya kutupa kabla hazijafika ghalani. Kwa hiyo koili iliyonunuliwa bila sababu inaweza kulipiwa kwa magunia.

Si haki kumtupia fundi lawama zote. Fundi wa kijijini hulipwa kwa kufunga spea. Akikaa saa tatu akichunguza na kugundua waya wa ethi umelegea, mwenye gari atamwambia, "Kumbe kukaza nati tu!" na kumpa nauli ya bodaboda. Nani atachunguza kwa malipo hayo? Soko limemfundisha fundi kwamba kufikiri hakulipi, kufunga ndiko kunalipa, naye ameelewa somo.

Dawa ya kwanza haigharimu kitu, nayo ni kumbukumbu za mwenye gari. Gari linalosita huwa na wakati wake. Likisita asubuhi tu na kutulia likipata moto, hilo ni jambo moja. Likisita baada ya mwendo mrefu na kupona likipumzishwa nusu saa, koili inayochoka kwa joto ni mtuhumiwa wa kweli, ingawa mafuta yanayogeuka mvuke kwenye mabomba yaliyo karibu na injini huleta dalili hiyo hiyo. Likisita kwenye kilima na mzigo, au likienda kasi, mafuta hayafiki ya kutosha: chujio limeziba, pampu imechoka au tenki lina uchafu. Likisita kwenye mashimo, ni waya uliolegea. Likisita mvua za Desemba zinapoanza, waya za plagi zina nyufa na umeme unavuja. Hili la mwisho huonekana usiku: boneti ikifunguliwa gizani injini ikiwa inanguruma, cheche huonekana zikiruka kwenye waya. Mkono usiguse kitu hapo.

Kuna kosa dogo ambalo limewalaza watu wengi njiani, nalo ni mfuniko wa tenki. Tundu la kupumulia likiziba kwa vumbi, au mfuniko wa asili ukipotea na kuwekwa wa kubandika usiopitisha hewa, mafuta yanapotoka hakuna hewa ya kujaza nafasi yake. Injini inakosa mafuta kidogo kidogo. Dereva akilegeza mfuniko na kusikia hewa ikivutwa kwa nguvu, kisha gari likarudi kwenye hali yake, jibu limepatikana bila spea hata moja.

Halafu kuna mafuta yenyewe. Vijijini petroli nyingi huuzwa kwenye madumu na chupa. Vumbi huingia, maji huingia, na mafuta ya taa huchanganywa kwa makusudi. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na katika bajeti ya 2011/12 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita ili uchakachuaji usiwe na faida. Hatua hizo zilisaidia kwenye vituo, lakini dumu la uani halina mkaguzi. Kipimo cha maji ni rahisi: mafuta yawekwe kwenye chupa safi ya kioo, mbali na moto, yatulie. Maji yatashuka chini na mstari utaonekana. Mafuta ya taa hayaonekani hivyo. Hujulikana kwa plagi zilizojaa masizi na injini kugonga kwenye kilima.

Wapo wanaosema dawa ni kuuza mkweche na kununua gari la karibuni. Ushauri huo ni wa mjini. Gari jipya zaidi lina bei ambayo ekari chache za mikorosho haziwezi kuibeba, na hilo la bei nafuu linaloagizwa nje hukutana na ushuru wa uchakavu. Isitoshe, lami ilipokamilika kwenye barabara hii katika miaka ya 2010, pikapu za zamani zilipata maisha mapya. Zitakuwapo kwa muda mrefu.

Kinachowezekana ni chama cha msingi kununua vifaa vichache na kuviweka kwa fundi anayeaminika: kipimo cha umeme, geji ya presha ya mafuta na taa ya taimingi. Mashine ndogo za kusoma kompyuta ya gari zinasifiwa sana, ila magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 hayasomwi nazo. Kwa Toyota nyingi za wakati huo zenye mfumo wa sindano, kipande cha waya kinachounganisha tundu za TE1 na E1 chini ya boneti hufanya taa ya injini imweke, na mimweko hiyo ikihesabiwa inatoa namba ya kosa. Fundi aliyejifunzia gereji anaweza pia kwenda VETA, ambao wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini.

Bei ya uchunguzi nayo itajwe mapema, kabla boneti haijafunguliwa, na ilipwe hata kama kilichoonekana ni nati iliyolegea. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati, gari lipande kilima kile kile na mzigo ule ule, na spea ya zamani irudishwe kwa mwenyewe.