Gemu ya mkononi: angalia betri kwanza

Wadau, leo tuongelee gemu za mkononi. Ukiwa kazini Garsen, mbali na nyumbani, stima ikipotea jioni picha kali hazina faida. Na mnakumbuka Novemba 2023 mafuriko yalivyofunika barabara ya kwenda Lamu: ukikwama, umekwama.

Hili si jipya. Game Boy ya 1989 haikuwa na rangi, lakini betri zake 4 zilidumu zaidi ya saa 10. Game Gear ya 1990 ilikuwa na rangi, ikala betri 6 kwa saa 3 hadi 5. Iliyoshinda sokoni ni Game Boy.

Sasa tupige hesabu. Betri ya Steam Deck ya 2022 ni wati-saa 40. Ya Switch Lite ya 2019 ni kama 13.6. Pawabanki ya mAh 10,000 hubeba kama 37, na nyingine hupotea njiani. Haijazi Deck hata mara moja. Lite inaijaza karibu mara mbili.

Mimi nachagua Lite, na gemu iliyo kamili kwenye kadi, isiyodai intaneti. Mfuko ukibana? Simu uliyonayo na pawabanki vinatosha.