Krimu za ujana zatuzeesha kabla ya wakati

Biashara ya kuuza ujana imenawiri katika miji yetu. Kuanzia maduka makubwa ya Westlands hadi vibanda vya River Road jijini Nairobi, na kutoka Mombasa hadi Kisumu, makopo yamejaa rafuni, kila kopo likiahidi kuondoa makunyanzi, kufuta madoa na kumrudishia mama wa miaka 50 uso wa binti wa miaka 20. Mishahara inaishia huko. Pesa za chama zinaishia huko. Ajabu ni kwamba baadhi ya makopo hayo hufanya kazi iliyo kinyume kabisa na maandishi yaliyo juu yake. Yanaizeesha ngozi.

Maoni yangu ni haya. Mkenya anayetaka ngozi yake ichelewe kuzeeka hahitaji makopo saba mezani. Anahitaji mambo matatu, ayafanye kila siku bila kukosa: kuosha uso kwa upole, kuupaka mafuta na kuukinga na jua. La nne ni la kuacha, nalo ndilo kubwa kuliko yote: aachane na krimu za kujichubua. Hayo mengine ni nyongeza, na mara nyingi ni hasara.

Wako watakaosema kwamba makunyanzi si ugonjwa na kwamba gazeti lina mambo mazito zaidi ya kuzungumzia. Ni kweli kwamba uzee si ugonjwa. Lakini tunaishi katika miji ambako mtu hupimwa kwa uso wake kabla hajafungua kinywa. Mhudumu wa hoteli, karani wa benki, mwalimu wa shule ya watoto wachanga na dada anayetafuta kazi ya ofisini wote wanalijua hilo. Hakuna ubaya kutaka kupendeza. Ubaya ni kwamba haja hiyo imegeuzwa mtego, na wanaonaswa wanapoteza pesa na afya kwa pamoja.

Adui yuko angani

Ngozi huzeeka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni umri. Kadiri miaka inavyosonga, mwili hupunguza utengenezaji wa kolajeni, yaani nyuzi zinazoishikilia ngozi ikae imara kama fito zinavyoshikilia nyumba ya udongo. Hakuna krimu ya kusimamisha saa hiyo. Njia ya pili hutoka nje: moshi wa sigara na, zaidi ya yote, jua. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo wataalamu huiita urujuanimno, hupenya ngozini na kuziharibu nyuzi hizo. Aidha, huichokoza ngozi itoe rangi nyingi mahali pamoja na kidogo mahali pengine.

Sisi tunaishi juu ya mstari wa ikweta, na wengi wetu tunaishi nyanda za juu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba nguvu ya miale hii huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mtu anapopanda mita 1,000. Kwa hivyo yule anayeona baridi ya Julai jijini na kudhani jua limelala anajidanganya. Mawingu mepesi hayazuii sehemu kubwa ya miale. Hata kioo cha gari hakiizuii yote.

Kuhusu kioo, mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori nchini Marekani, mzee wa miaka 69 aliyekuwa ameendesha gari kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa ukielekea dirishani, ulikuwa na makunyanzi mazito, ilhali upande wa kulia ulionekana wa mtu mwenye umri mdogo zaidi. Uso ulikuwa mmoja, umri ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni jua. Madereva wetu wa matatu na malori hukaa upande wa kulia, basi na wautazame upande huo kwenye kioo.

Hapo msomaji atauliza: je, hayo si mambo ya Wazungu? Sisi si tuna ngozi nyeusi? Kweli tumejaliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 ulionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi, kwa sababu ya rangi yake inayoitwa melanini, humpa mtu kinga ya jua ya kiwango cha 13 hivi, ilhali ngozi nyeupe hutoa kinga ya kiwango cha 3 tu. Ndiyo sababu makunyanzi hutuchelewa kuliko yanavyowachelewa Wazungu wa rika letu.

Lakini ngao hiyo ina matundu. Kwetu sisi uzee wa jua mara nyingi hauanzi kwa makunyanzi. Huanza kwa mabaka meusi mashavuni na kwenye paji la uso, kwa rangi isiyolingana na kwa madoa ya chunusi yasiyotaka kuondoka. Na hapa ndipo mtego ulipotegwa. Dada akiona mabaka, haambiwi kwamba ni kazi ya jua. Anaambiwa kuna krimu ya kuyafuta.

Dawa iliyogeuka sumu

Krimu ya kujichubua hufanya nini? Huzuia ngozi kutengeneza melanini, ile ile ngao aliyozaliwa nayo. Kisha mwenyewe hutoka saa sita mchana kwenda kazini bila kofia wala mwavuli. Jua humchoma kwa nguvu maradufu, mabaka hurudi yakiwa meusi zaidi, naye hurudi dukani kununua kopo kali kuliko la kwanza. Muuzaji hufurahi. Ngozi huzidi kuzeeka.

Haidrokwinoni, kemikali iliyotumika sana katika krimu hizi, ikipakwa kwa muda mrefu bila uangalizi wa daktari inaweza kuleta mabaka ya rangi ya samawati na nyeusi ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza hali hiyo tangu mwaka 1975. Dawa za steroidi, ambazo zilikusudiwa kutibu magonjwa kama ukurutu kwa muda mfupi, huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, mishipa midogo ya damu ikaonekana, na michirizi ikatokea. Mtu aliyetafuta ujana huishia na ngozi ya ajuza.

Zebaki ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haiishii usoni. Hupenya hadi kwenye figo. Jambo hili halikugunduliwa ng'ambo pekee. Mwaka 1972, madaktari waliochunguza wagonjwa 60 watu wazima hapa Nairobi, waliokuwa na maradhi ya figo yanayovimbisha mwili, waliripoti katika British Medical Journal kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zaidi ya miaka 50 imepita tangu onyo hilo litolewe.

Serikali yetu ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni mwaka 1998. Sheria ipo. Hata hivyo, bidhaa hizo zingali zinauzwa, nyingine zikiwa zimefungashwa upya kwa majina mapya. Mara nyingi jina la zebaki haliandikwi kwenye kopo. Ukiona maelezo yanayokuonya uvue pete na mikufu ya dhahabu au fedha kabla ya kupaka, shuku kwamba mna zebaki ndani yake, uliache kopo hilo pale pale. Vivyo hivyo kwa kopo lisilo na orodha ya vilivyomo.

Utaratibu wa kila siku

Sasa tuje kwenye yale ninayoyapendekeza. Asubuhi, osha uso kwa maji ya kawaida au ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Sabuni ya kipande ya kufulia nguo si ya uso; hukausha ngozi na kuiacha ikiwa na ukavu mweupe. Usisugue kwa dodoki au kitambaa kigumu, kwa kuwa ngozi nyeusi ikichubuka huacha doa. Jikaushe kwa kugusa gusa kwa taulo.

Wahenga walisema ngozi ivute ingali maji. Walikuwa wakizungumzia malezi, lakini hapa maneno yao yanafaa neno kwa neno. Paka mafuta wakati uso ungali na unyevunyevu, ili maji yafungiwe ndani. Mafuta ya mgando ya bei nafuu hufanya kazi hiyo vizuri. Mwenye chunusi achague losheni nyepesi isiyo na mafuta mengi. Hakuna haja ya kopo lenye maandishi ya Kifaransa.

Mwisho, kabla ya kutoka nje, paka mafuta ya kukinga jua. Tafuta chupa iliyoandikwa SPF 30 au zaidi na inayosema kwamba hukinga dhidi ya miale ya aina zote mbili, A na B. Kiwango cha 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya B. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili ya mafuta, urefu wa vidole viwili. Anayepaka tone moja anajipunja. Anayeshinda nje apake tena kila baada ya saa mbili. Wenye mabaka wachague yale yenye rangi ya ngozi ndani yake, kwani rangi hiyo husaidia kuzuia hata mwangaza wa kawaida unaoyachochea mabaka.

Je, kuna ushahidi? Katika mji wa Nambour nchini Australia, watu wazima 903 wenye umri wa chini ya miaka 55 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu kuanzia 1992. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Walioagizwa kupaka mafuta ya kukinga jua kila siku walikuwa na uzee wa ngozi uliopungua kwa asilimia 24 wakilinganishwa na waliojipakia wapendavyo. Watu wa huko wengi ni weupe, na kwetu tofauti hiyo huenda isiwe sawa kwa makunyanzi. Lakini kwa mabaka, ambayo ndiyo mzigo wetu, jua ni lile lile.

Jioni, osha uso uondoe vumbi na moshi wa mji, kisha paka mafuta tena. Basi. Anayetaka kuongeza kitu amwone daktari wa ngozi kuhusu tretinoini, dawa inayotokana na vitamini A, ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 1995 kwa ngozi iliyoharibiwa na jua. Hupakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere, na matokeo huchukua miezi kadhaa. Mama mjamzito au anayepanga kushika mimba asiiguse. Na anayevuta sigara aache, maana hakuna krimu inayoweza kushindana na moshi.

Kinga isiwe ya matajiri

Najua jibu litakalokuja: mafuta ya kukinga jua ni ghali. Ni kweli, na hilo linaudhi. Chupa ndogo mara nyingi hupita ujira wa kutwa wa kibarua, na wanaochomwa na jua zaidi ni wale wale wasioweza kuinunua: mama mboga, mhudumu wa bodaboda, askari wa trafiki, bawabu wa lango. Katika orodha ya kimataifa ya ushuru wa forodha, mafuta haya yamewekwa katika kifungu nambari 3304, pamoja na rangi ya midomo na ya kucha. Yaani kinga ya ngozi imehesabiwa kuwa ni mapambo. Serikali huwapa ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi mafuta haya kupitia Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, kwa sababu inajua kwamba kwao ni suala la uhai. Ikiwa yanaweza kutambuliwa kuwa kinga ya afya kwa hao, yasitozwe kodi kama anasa kwa wengine.

Lakini tusingoje bajeti. Kofia yenye ukingo mpana ni kinga. Mwavuli ambao nyanya zetu walitembea nao mchana wa jua kali, sisi tukiwacheka, ni kinga. Leso juu ya kichwa ni kinga. Kukaa kivulini kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, kwa anayeweza, ni kinga isiyogharimu hata ndururu. Waajiri wanaowasimamisha mabawabu na wachuuzi wao juani kutwa nzima wawape kofia za maana, si zile za kutangazia biashara zinazoacha masikio na shingo wazi.

Nao Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) na polisi wafuate sheria ya 1998 hadi kwa waingizaji wa krimu hizo bandarini na mipakani. Kumkamata mchuuzi wa kibanda kimoja mbele ya kamera, kisha kumwachilia, hakujazuia kopo hata moja kufika sokoni.

Kwako wewe msomaji, kazi ni nyepesi. Leo jioni toa makopo yako yote kabatini, uyasome moja baada ya jingine. Lisilosema lina nini ndani, na linaloahidi weupe kwa siku saba, lifunge vizuri kwenye mfuko mbali na watoto, na usilipake tena kamwe. Kama umelitumia kwa miezi mingi, mwone daktari kabla ya kuacha ghafla, kwani ngozi iliyozoea steroidi huweza kuwaka inapoikosa, na umwombe akupime figo. Pesa utakazookoa, nunua kofia.